Dundu wa Jiwe na Moyo wa Mtu

Somo kwa wazazi pamoja na watoto wao

Someni kwanza: Yoshua 4:1-7; Matendo 17:16-31; Ezekieli 36:25-27; 1 Yohana 3:18-20.



Mara nyingi wazazi Wakristo huuliza kama ni vema kuwapeleka watoto katika nyumba za makumbusho. Wengine husema: Mle mna sanamu za miungu ya kale, na hirizi, na maiti za watu, mtoto atapata faida gani kwa kuvitazama vitu hivyo? Wengine huona kuwa ni kupoteza siku na nauli, kwenda kutazama vyungu vilivyovunjika, na wadudu ambao nyumbani twawafagia nje. Maswali haya si ya upuuzi. Kila mzazi ataulizwa na Mungu juu ya yale aliyowaonyesha watoto wake, na juu ya yale aliyowaficha pia. Basi na tuyafikiri kwa taratibu, tukiwa na Maandiko mkononi.

1. Mungu mwenyewe aliagiza ukumbusho

Waisraeli walipokwisha kuvuka mto wa Yordani, Yoshua aliagizwa kuchagua watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, wachukue mawe kumi na mawili katikati ya mto na kuyasimamisha Gilgali. Sababu yake yaelezwa wazi: siku zijazo watoto watauliza maana ya mawe yale, nao baba zao wawajibu. Angalieni vema utaratibu huu. Jiwe halisemi neno. Jiwe humfanya mtoto aulize, na baba ndiye anenaye. Hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Nyumba yenye vitu elfu, pasipo mzazi wa kueleza, ni ghala tu. Lakini kitu kimoja chenye mtoto aulizaye na mzazi ajibuye ni shule.

Lakini Maandiko yatuonya pia. Yule nyoka wa shaba, aliyetengenezwa na Musa jangwani, alihifadhiwa kwa mamia ya miaka. Mwisho watu wakamfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunjavunja (2 Wafalme 18:4). Ubaya haukuwa katika shaba, wala katika kuihifadhi. Ubaya ulikuwa katika mioyo ya watu, waliokitukuza kitu cha ukumbusho badala ya Mungu aliyewaponya.

Tena yuko Paulo katika Athene. Mji ulijaa sanamu, na roho yake ilichukizwa. Hata hivyo hakufumba macho. Alitembea, akayaangalia mambo yao ya ibada kwa makini, akasoma hata maandiko ya madhabahu zao, na kutoka hapo akapata mahali pa kuanzia Injili. Basi Mkristo aingiaye katika makumbusho na aige mfano wa Paulo: asivunje, asiabudu, wala asiogope, bali aangalie kwa makini, akatafute mlango wa neno la Mungu.

2. Waliolala ndani ya vioo

Katika mji wa Washington, nchi ya Marekani, iko nyumba kubwa ya makumbusho ya viumbe, iliyo chini ya taasisi ya Smithsonian. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1910, na watu huingia bure. Katika orofa ya pili mna chumba cha mambo ya Misri ya kale, kilichofunguliwa mwaka 2011. Na katika orofa iyo hiyo kuna chumba cha wadudu walio hai, kilichoanzishwa mwaka 1976. Jamaa moja ya Wakristo wa kwetu, wakaao katika mji ule kwa ajili ya kazi, walinichukua pamoja nao siku walipowapeleka watoto wao watatu. Nayaandika hapa yale tuliyoyaona, kwa kuwa maswali ya watoto wale yalitufundisha sisi wakubwa.

Tuliingia kwanza upande wa Misri. Mle mmelala maiti za watu waliohifadhiwa kwa ufundi wa kale. Mtoto mdogo, mwenye umri wa miaka sita, alisimama kimya, kisha akauliza, "Baba, huyu ni mtu au ni sanamu?" Baba yake akajibu, "Ni mtu, mwanangu. Naye alikuwa na mama yake." Jibu hilo lilikuwa jema sana.

Wamisri waliamini kwamba mtu hawezi kuishi katika ulimwengu wa wafu kama mwili wake umeoza. Kwa hiyo waliuondoa ubongo kwa njia ya pua, wakatoa mapafu, ini, tumbo na utumbo, na kuviweka mbali. Kisha waliufunika mwili kwa chumvi ya ardhini mpaka ukakauka kabisa. Chumvi hiyo ni ya jamii ya magadi, na jina lake la kizungu ndilo lililopewa ziwa letu la Natron, kaskazini ya Tanzania. Baada ya hayo waliupaka mwili mafuta na utomvu, wakauzungushia vitambaa vya kitani. Msomaji wa Biblia hatashangaa, kwa maana katika Mwanzo 50 twasoma jinsi Yusufu alivyowaagiza waganga wampake dawa Yakobo baba yake. Kazi ile ilichukua siku 40, na Wamisri wakamlilia siku 70. Yusufu naye alipakwa dawa, akawekwa katika sanduku huko Misri. Basi baba zetu katika imani walizikwa kwa ufundi ule ule tuuonao ndani ya vioo.

Wazungu huwaita wafu wa namna hii kwa jina lililotoka katika neno la Kiajemi na Kiarabu lenye maana ya lami au nta. Neno lilo hilo limo katika Kiswahili: ndilo mumiani. Wazee wa pwani walilitumia kwa dawa nyeusi iliyouzwa kwa ajili ya mifupa iliyovunjika, na baadaye likawa jina la hadithi za kutisha, za watu wanyonyao damu za wenzao. Yafaa tuwaambie watoto asili ya neno, ili hofu isiyo na maana iondoke.

Lakini ikiwa hofu yaondoka, heshima na ibaki. Aliyelala pale si kitu cha kuchezewa. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki twayajua haya kwa uchungu wetu wenyewe. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na serikali ya Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wakuu wengine, na yaaminiwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Watu wa uzao wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 ilitangazwa huko Berlin ya kuwa mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa sehemu za Kilimanjaro, na kukaa katika hazina za makumbusho zaidi ya miaka mia, yametambuliwa kwa vipimo kuwa ni ya jamaa za watu walio hai leo. Yaani, kilichoandikwa namba katika kabati ya wageni kilikuwa babu ya mtu. Kwa hiyo mzazi akiwapeleka watoto mbele ya maiti ya kale, awafundishe kuvua kofia, kutocheka, na kukumbuka kwamba huyu pia aliumbwa na Mungu.

Tena kuna neno kubwa kuliko hilo. Ndani ya vioo twaona sanda pamoja na mwili. Katika kaburi la Bwana wetu, Petro na yule mwanafunzi mwingine waliona sanda pasipo mwili (Yohana 20:5-7). Wamisri walifanya kazi kwa akili nyingi na gharama nyingi ili mwili usioze, na kwa kweli wengine hawajaoza hata leo, lakini hawakuamka. Kutooza siko kufufuka. Mtoto akilielewa neno hili, amepata mafundisho ya Pasaka.

3. Dundu wa jiwe

Katika vitu vidogo vya Wamisri ziko nyingi sana sanamu za dundu, yule mdudu mweusi avingirishaye mavi ya wanyama. Walimchonga katika jiwe na katika udongo wa kuchomwa, wakamvaa kama pete na kama hirizi. Sababu yake ni hii: walimwona akilisukuma donge lake juu ya mchanga, wakasema, Hivi ndivyo jua lisukumwavyo mbinguni. Kwa hiyo mungu wao wa jua la asubuhi, aliyeitwa Khepri, walimfanyia sura ya dundu, na mara nyingine sura ya mtu mwenye dundu mahali pa kichwa. Tena waliona dundu wadogo wakitoka ardhini, wakadhani wamejizaa wenyewe. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, aliandika ya kwamba waliamini dundu hawa ni madume tu, hakuna jike hata mmoja.

Miongoni mwa dundu hawa wa jiwe iko namna moja iliyowekwa juu ya kifua cha maiti, karibu na moyo. Dundu mmoja wa namna hii yumo katika makumbusho ya Metropolitan, mji wa New York. Alikuwa wa mwanamke jina lake Hatnefer, mama wa mkuu mmoja wa malkia Hatshepsut, aliyezikwa karibu miaka 3,500 iliyopita. Ni wa jiwe la rangi ya kijani, na mkufu wake ni wa dhahabu. Chini ya tumbo lake yamechongwa maneno. Ni maneno gani?

Ili kuyafahamu yatupasa kujua ya kuwa Wamisri walipotoa viungo vya ndani waliuacha moyo mahali pake. Ubongo waliuona si kitu; moyo ndio uliokuwa mwenye kufikiri, na kukumbuka, na kujua yote aliyoyatenda mtu. Waliamini kwamba mtu akifa huletwa mbele ya mizani. Upande mmoja huwekwa moyo wake, na upande wa pili unyoya wa kweli na haki. Mungu mmoja huandika, na mnyama wa kutisha hungoja. Moyo ukiwa mzito kwa maovu, mnyama yule huula, na mtu hupotea milele. Tena marehemu husimama mbele ya waamuzi 42 na kukana dhambi moja moja: hakuiba, hakuua, hakupunguza kipimo.

Ila Mmisri alijua jambo moja la kutisha: kinywa chaweza kukana, lakini moyo wajua. Je, itakuwaje kama moyo wangu mwenyewe utasimama kunishuhudia? Ndiyo sababu ya dundu wa jiwe. Maneno yaliyochongwa juu yake ni ya kuusihi moyo usisimame kinyume cha mwenyewe, wala usimpinge mbele ya waamuzi. Jiwe liliwekwa ili moyo unyamaze.

Baba alipowaeleza watoto wake mambo haya, binti yake wa miaka tisa alifikiri kidogo, akauliza, "Na kama moyo ulisema?" Hakuna mtu mzima kati yetu aliyejibu upesi. Swali hili tutalirudia, maana ndilo kiini cha somo letu. Kwanza twende kwa wadudu walio hai.

4. Dundu aliye hai

Katika chumba cha wadudu mambo ni mengine kabisa. Kule watu hunong'ona. Huku watoto hupiga kelele za furaha. Watu waliojitolea kwa kazi hiyo huwachukua wadudu mikononi, wakawaruhusu watoto kuwagusa. Mna mende wakubwa wa Madagaska, ambao wakishikwa hutoa sauti ya kufoka kama nyoka. Sauti ile haitoki kinywani, bali ni hewa isukumwayo kwa nguvu katika vitundu vya ubavuni. Mna kiwavi mnene wa kijani alaye majani ya tumbaku, ambaye baadaye huingia ardhini na kutoka akiwa nondo. Mna na buibui wenye manyoya, wakubwa kama kiganja, walishwao mbele ya watu, ingawa buibui kwa kweli si wa jamii ya wadudu, kwa kuwa ana miguu minane na si sita.

Mama wa watoto wale alikunja uso, lakini binti yake akanyosha mkono akamgusa mende mgongoni. Hapo nikakumbuka ya kuwa mfalme Sulemani, katika hekima yake, hakunena habari za mierezi tu, bali hata za vitu vitambaavyo (1 Wafalme 4:33). Na ya kuwa kitabu cha Mithali chamtuma mvivu kwenda shule kwa chungu (Mithali 6:6-8).

Lakini kwa kumtazama dundu avingirishaye mavi, msomaji wa kwetu hahitaji nauli ya kwenda Marekani. Aende nyuma ya zizi lake baada ya mvua. Yule ambaye Wamisri walimchonga katika jiwe la thamani, kwetu anakanyagwa bila kutazamwa. Basi sikieni habari zake kama zilivyochunguzwa.

Mfaransa mmoja, Jean-Henri Fabre, aliyeishi miaka 1823 hadi 1915, alitumia miaka mingi kulala kifudifudi shambani akimchungua dundu huyu. Aligundua ya kuwa donge tulionalo likivingirishwa juu ya ardhi kwa kawaida ni chakula tu. Donge la uzazi hufanyizwa na jike chini ya ardhi, nalo lina umbo la peasi. Katika ncha yake nyembamba jike huweka yai moja, na mtoto akitoka hula chumba chake mwenyewe kutoka ndani. Kwa hiyo dundu hajizai mwenyewe. Ana mama, na mama yake alimwandalia nyumba na chakula kabla hajazaliwa.

Tena, dundu huvingirisha donge lake akirudi kinyumenyume, kichwa chini, akisukuma kwa miguu ya nyuma. Na hata hivyo huenda moja kwa moja, ili kukimbia upesi mbali na wenziwe wanyang'anyi. Awezaje? Kabla ya kuanza safari hupanda juu ya donge na kuzunguka, akiitazama mbingu. Mchana hujiongoza kwa jua, na usiku kwa mwezi. Mwaka 2013 wataalamu waliofanya kazi Afrika Kusini, akiwamo Marie Dacke kutoka Uswidi, walionyesha jambo la ajabu zaidi: usiku usio na mwezi, dundu wa jamii moja hujiongoza kwa ule ukanda mweupe wa nyota upitao katikati ya mbingu. Waliwavika vikofia vidogo vya karatasi ngumu ili wasione juu, na mara wakapotea njia. Mdudu wa mavini hutafuta njia yake kwa nyota!

Wala kazi yake si ndogo. Katika mbuga ya Tsavo, Kenya, wachunguzi wa miaka ya 1970 waliona dundu wakifika kwa maelfu juu ya mavi ya ndovu usiku mmoja. Huyazika mavi, na ardhi hupata mbolea na hewa, na nzi hukosa mahali pa kuzalia. Huko Australia ng'ombe walipelekwa na Wazungu tangu 1788, lakini dundu wa nchi ile walizoea mavi ya kangaruu, hawakuyaweza ya ng'ombe. Malisho yakaharibika na nzi wakazidi. Kwa hiyo, kuanzia 1968, wataalamu wa serikali yao waliwaachia huko dundu wengi waliotoka Afrika. Ndugu zangu, tuliyemdharau nyuma ya zizi aliitwa ng'ambo kama fundi.

Sasa tupime. Wamisri walikosea wapi? Hawakukosea kwa kustaajabu, kwani mdudu huyu astahili kustaajabiwa, na waliotumia macho yao walifanya vema kuliko sisi tupitao bila kuona. Walikosea katika hatua iliyofuata: waliona mdudu atazamaye mbingu, wakamwabudu mdudu, wasimwulizie yeye aliyezitandika mbingu. Mtume Paulo aeleza kosa hilo katika Warumi 1:20-25. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza kifungu cha kwanza cha imani, alitufundisha kukiri kwamba Mungu ametuumba sisi pamoja na viumbe vyote. Neno hili "pamoja" latuweka mahali petu. Dundu si mungu wetu, wala si takataka. Ni kiumbe mwenzetu.

5. Moyo usionyamaza

Haya, turudi kwa swali la binti: Na kama moyo ulisema?

Wamisri walijua mambo mawili ya kweli, ambayo watu wengi wa leo wameyasahau. Walijua kwamba iko hukumu. Tena walijua kwamba ushahidi ulio mbaya kuliko wote hautoki kwa jirani wala kwa adui, bali kwa moyo wa mtu mwenyewe. Maandiko yakubali hayo. Kitabu cha Kutoka chasema mara kwa mara juu ya Farao kwamba moyo wake ulikuwa mzito. Nasi sasa twaweza kufahamu jinsi neno hilo lilivyokuwa zito masikioni mwa watu walioijua mizani ile. Mfalme aliyejiita mwana wa jua alipimwa angali hai, akaonekana mzito.

Lakini dawa yao ilikuwa jiwe. Na tusiwacheke, kwa maana sisi nasi twachonga dundu wetu. Mtu amedhulumu shamba la ndugu yake yatima, kisha atoa sadaka kubwa siku ya mavuno, ili moyo unyamaze. Mwingine amewatelekeza wazazi wake walipokuwa wagonjwa, kisha afanya mazishi ya fahari, na jeneza la bei, na wasifu mrefu usiotaja ila mema. Mwingine husema, Mimi nimebatizwa tangu utoto, na jina langu limo katika kitabu cha usharika. Naye hulitumia jambo takatifu kama hirizi ya kifuani. Hayo yote ni mawe ya kijani yenye mikufu ya dhahabu. Yaweza kupendeza machoni, lakini moyo ungali chini yake, nao unajua.

Injili haituambii kwamba moyo utanyamazishwa. Yatuambia mambo bora kuliko hayo. Kwanza, Yohana atufundisha ya kuwa ingawa mioyo yetu yatuhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye ajua yote (1 Yohana 3:20). Ajua zaidi ya yale moyo uwezayo kuyashuhudia. Kwa hiyo hakuna siri itakayotokea ghafula mizanini na kumfanya abadili neno lake la neema. Pili, tunaye Mwombezi kwa Baba, Yesu Kristo (1 Yohana 2:1). Mmisri alisimama peke yake, na utetezi wake ulikuwa kukana. Mkristo hasimami peke yake, naye aweza kuungama, kwa kuwa deni lake limelipwa msalabani. Mwenye Mwombezi kama huyu hana haja ya kuusihi moyo wake useme uongo. Na useme kweli yote!

Tatu, kwa kinywa cha Ezekieli Mungu aliahidi kuuondoa moyo wa jiwe na kuwapa watu wake moyo wa nyama. Tazameni tofauti. Mwanadamu huweka jiwe juu ya moyo ili usisikike; Mungu huondoa jiwe ili moyo uwe hai. Moyo ulio hai huumia kwa dhambi, huona haya, hurudisha shamba la yatima, huwakumbuka wazee wangali hai. Kuumia huko si alama ya kukataliwa. Ni alama ya kwamba Roho wa Mungu anafanya kazi.

Tena juu ya ufufuo. Wamisri walimwona dundu akitoka ardhini wakatumaini kwamba nao watatoka vivyo hivyo. Lakini twajua sasa kwamba dundu yule hakuwa amekufa. Alikua ndani ya donge kutoka katika yai. Mfano wake ni mzuri, ila hauwezi kubeba uzito wa kaburi. Sisi hatutumainii mdudu wala mbegu wala nondo. Twamtumainia mmoja aliyekufa kweli na kufufuka kweli, limbuko lao waliolala (1 Wakorintho 15:20).

Yule baba, baada ya kimya, alimjibu binti yake hivi: "Mwanangu, moyo utasema. Lakini Bwana Yesu atasema baada yake." Nami sijapata jibu fupi lililo bora.

6. Mashauri kwa wazazi

Dar es Salaam, Arusha na Nairobi ziko nyumba za makumbusho, na miji mingine pia. Mkienda, fanyeni hivi:

Msikimbilie kuona kila kitu. Chagueni vitu vitatu au vinne, mkae mbele ya kila kimoja mpaka mtoto aulize.

Msimjibu mtoto kwa kumtisha. Kama hujui, mwambie mtatafuta pamoja, kisha mtafute kweli.

Mbele ya maiti au mifupa ya watu, kaeni kwa heshima. Mbele ya kiumbe aliye hai, mwacheni mtoto astaajabu, na aguse ikiwa mwangalizi aruhusu.

Mkirudi nyumbani, mtokeni jioni pamoja mkatafute mdudu mmoja bustanini au zizini, mkamtazame kwa muda wa robo saa. Asiye na nauli ya makumbusho na aanzie hapa.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa:

(1) Mawe ya Gilgali na nyoka wa shaba vilitofautianaje mwisho wake, na kwa sababu gani?

(2) Katika nyumba yetu kuna kitu gani cha ukumbusho ambacho watoto hawajaelezwa maana yake?

(3) Ni "dundu wa jiwe" gani tuliyemweka juu ya mioyo yetu? Yuko nani ambaye imetupasa kumwendea wiki hii, ili kutengeneza lililoharibika?

(4) Kwa nini Mkristo aweza kuacha moyo wake useme kweli mbele za Mungu?

Bwana na auondoe moyo wa jiwe ndani yetu, na kuwafumbua watoto wetu macho, waione kazi ya mikono yake katika yaliyo makubwa na katika yaliyo madogo. Amina.